Mashine Haijasahau: Mafunzo Niliyopata Njia Panda ya Usagara

Ukitoka Mwanza mjini, ukaipita Buhongwa, unafika Usagara, wilaya ya Misungwi. Hapo barabara inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Shinyanga, mwingine unashika Kigongo. Magari ya Sengerema, Geita na Bukoba yalikuwa yakipanga foleni ya kivuko huko mbele. Tangu Juni 2025 yanapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji. Steshenari yangu iko jirani na njia panda hiyo. Natoa fotokopi, najaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, natoa kontroli namba, na kati ya kazi hizo watu huniletea kompyuta na ruta zao.

Swali linalokuja kuliko yote ni hili: "Fundi, paswedi ya waifai nimeisahau, nifanyeje?" Nimelijibu kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, madereva, wenye nyumba za wageni na mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa na haraka ya kutuma takwimu wilayani. Haya ndiyo niliyoyaokota.

1. Uliza kwanza nani bado anashika mtandao

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aliniletea ruta ndani ya kikapu, waya wake umeviringishwa vizuri, stika ya chini imekwanguka hadi herufi hazisomeki. Alikuwa amenunua televisheni ya kisasa ili wageni waangalie mpira, televisheni ikadai nywila. Aliyeiweka ni binti wa mapokezi aliyekwisha kuolewa Kahama, na namba yake ya simu haipatikani. Mama alikuwa tayari kununua ruta mpya.

"Shikamoo mama. Simu yako ukiwa nyumbani inashika mtandao?"

"Marahaba mwanangu. Inashika yenyewe, siandiki kitu."

"Na kompyuta ya mapokezi?"

"Nayo hivyohivyo."

Hapo kazi ilikuwa imekwisha, ingawa yeye hakuona hivyo. Kifaa kinachojiunga chenyewe kinafanya hivyo kwa sababu kimeitunza nywila ndani yake. Kingekuwa hakinayo, kingemwuliza kila siku. Nilimwambia arudi na kompyuta tu, ruta aiache ukutani. Hili huwashangaza wengi: ruta inaweza kuwa imezimwa, iko kilomita kadhaa kutoka hapa, hata imekufa kabisa, na kompyuta bado inaikumbuka. Windows huhifadhi kumbukumbu ya kila mtandao iliojiunga nao, na haiifuti mpaka mtu aifute.

Kwa hiyo mteja akija na swali hilo, siulizi "umesahau lini" wala "ilianza na herufi gani". Nauliza nyumba nzima: simu ya baba, simu ya watoto, kompyuta ya zamani iliyo kabatini, printa, king'amuzi. Mara nyingi kipo kimoja kinachokumbuka. Binadamu ndiye aliyeondoka.

2. Mistari miwili kwenye dirisha jeusi

Katika matoleo ya karibuni ya Windows 11 mambo yamerahisishwa. Ingia Settings, kisha Network & internet, Wi-Fi, halafu Manage known networks. Chagua jina la mtandao wako, bofya View kwenye mstari wa Wi-Fi security key, na nywila inajitokeza. Lakini kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu ni za mtumba, zina Windows 10, nyingine Windows 7. Kwa hizo, na hata kwa mpya, natumia njia ambayo haijabadilika miaka yote hii.

Bofya kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bofya Command Prompt kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Run as administrator. Dirisha jeusi likifunguka, andika:

netsh wlan show profiles

Yatashuka majina ya mitandao yote ambayo kompyuta hiyo imewahi kujiunga nayo. Tafuta la kwako, ulinakili lilivyo, na herufi kubwa na ndogo zake, kisha andika:

netsh wlan show profile name="JINA LA MTANDAO" key=clear

Maelezo marefu yatatoka. Usihangaike nayo. Shuka hadi sehemu ya Security settings, utaona mstari ulioandikwa Key Content. Kilicho mbele ya nukta mbili ndiyo nywila. Alama za kufungua na kufunga usemi usizisahau ikiwa jina lina nafasi katikati, maana bila hizo kompyuta haitalisoma jina lote na amri itakataa.

Njia panda ina faida zake. Siku moja alisimama mfanyabiashara aliyetoka Kongo na kompyuta yenye Windows ya Kifaransa. Amri zikakubali vilevile, maana hizo hazitafsiriwi, ila majibu yalikuja kwa lugha yake. Key Content haikuwepo. Palikuwa na Contenu de la clé, mahali palepale, mstari uleule. Tangu hapo nawafundisha vijana wanaonisaidia waangalie mahali mstari ulipo kwenye ukurasa, wasikariri maneno.

Mambo mawili yanaweza kukukwamisha. La kwanza, kompyuta ya ofisi ambayo wewe si msimamizi wake. Windows inaweza ikakwambia kwamba nywila ipo, ikakataa kukuonyesha. Hapo mtafute Afisa TEHAMA wenu, usitafute ujanja. La pili, mstari wa Security key unaweza kusema Absent. Maana yake mtandao huo hauna nywila ya pamoja. Ni kama ile ya hoteli na baadhi ya vyuo: unajiunga bure, halafu ukurasa unafunguka ukidai jina na namba ya siri. Namba hiyo haiko kwenye orodha ya Windows. Kama iliwahi kuhifadhiwa, itakuwa kwenye kivinjari, pamoja na nywila zako nyingine za tovuti. Na kwenye mitandao ya taasisi kubwa, ambako kila mtu ana jina lake na nywila yake, hakuna nywila moja ya wote ya kutafuta. Atakayekusaidia ni aliyekusajili.

Wenye Mac, ambao hapa Usagara ni wachache, wafungue programu ya Keychain Access na kutafuta jina la mtandao. Kompyuta itadai nywila ya mwenye mashine kabla ya kuonyesha.

3. Simu ya mtoto inaweza kuwa fundi kuliko mimi

Kuanzia Android 10, iliyotoka 2019, simu nyingi huweza kugawa waifai kwa mchoro wa mraba wenye vidoti. Ingia kwenye mipangilio ya waifai, gusa mtandao uliojiunga nao, gusa Share, weka alama ya kidole. Baadhi ya simu huandika nywila chini ya mchoro huo. Zisizoandika, piga picha ya skrini au tumia simu ya pili kuusoma. Ndani yake kuna maandishi yanayoanza na WIFI: kisha jina la mtandao baada ya S: na nywila baada ya P: waziwazi kabisa. iPhone nazo zilipata uwezo wa kuonyesha nywila za waifai kwenye iOS 16, mwaka 2022.

Mtoto wa darasa la sita aliyefuatana na baba yake aliwahi kunimalizia kazi hii kabla sijawasha kompyuta. Baba alilipa, mtoto akadai soda.

4. Herufi ndizo zinazopoteza muda

Nywila ikishapatikana watu hudhani safari imekwisha. Kumbe mzozo mkubwa huanza hapo, kwa sababu inaandikwa kwenye karatasi kwa mkono, halafu inasomwa na mtu mwingine usiku mbele ya televisheni. Sifuri na O. Moja, l ndogo na I kubwa. Herufi kubwa iliyoandikwa ndogo. Ruta nyingi huja na nywila za kiwandani zenye mchanganyiko wa aina hiyo, zimechapwa kwa maandishi madogo kwenye stika ambayo joto na vumbi vimeshaila.

Kwenye dirisha jeusi ipake nywila kwa kipanya, bonyeza Enter ili inakiliwe, kisha uibandike kwenye daftari la kompyuta na kuikuza hadi kila herufi ijulikane. Nikiiandika kwenye karatasi naipigia mstari chini kila herufi kubwa na kukata sifuri kwa mkwaju. Kumbuka pia kwamba nywila ya WPA2 haiwezi kuwa chini ya herufi 8 wala kuzidi 63. Mtu akikwambia kwa uhakika kwamba nywila ya nyumbani ni "ziwa7", usimbishie. Mwonyeshe tu kwamba kitufe cha kujiunga hakitawaka.

5. Kitundu cha nyuma ni cha mwisho

Ruta nyingi zina kitundu kidogo nyuma au chini. Ukichomeka pini na kushikilia kwa sekunde kama 10, taa zinazimika na kuwaka upya, na ruta inarudi ilivyotoka kiwandani. Kijana yeyote wa mtaani anakijua kitundu hicho, na ndicho dawa yake ya kila ugonjwa. Kwa ruta ndogo za laini ya simu, hizi za kuweka kadi na bando, hakuna madhara makubwa. Inarudia nywila ya stika, unaendelea.

Kwa ruta za faiba, au za mnara wa mtoa huduma, habari ni nyingine. Nywila ya waifai ni moja tu kati ya mambo yaliyohifadhiwa humo. Mara nyingi kuna pia jina la mteja na nywila nyingine, ile inayoitambulisha ruta kwa kampuni inayokupa intaneti. Mtu wa kampuni aliiandika siku ya kufunga, akaondoka, wewe hukuwahi kuiona. Ukichomeka pini unafuta zote. Waifai inarudi, jina linaonekana, nywila ya stika inakubali, na intaneti hakuna. Baadhi ya kampuni huzirudisha taarifa hizo kwa mbali, nyingine humtuma mtu. Shule moja ya huku ilimsubiri mtu huyo wiki nzima, katikati ya msimu wa usajili wa mitihani, kwa sababu mlinzi mwenye nia njema alikuwa na pini ya kufungia karatasi.

Kabla ya kitundu kuna njia mbili ambazo watu wanazisahau. Ya kwanza ni waya. Chomeka waya wa mtandao kutoka kompyuta hadi kwenye ruta. Waya hauulizi nywila ya waifai. Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig, utaona namba mbele ya Default Gateway, mara nyingi 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.8.1 kwa ruta nyingi za Huawei. Iandike namba hiyo kwenye kivinjari, ukurasa wa ruta utafunguka na kudai jina na nywila ya msimamizi, ambayo pengine bado ni ile ya stika. Ukiingia, waifai unaiona na kuibadilisha upendavyo. Ukiwa humo humo, piga picha ukurasa wa WAN, ambako taarifa za kampuni ya intaneti hukaa. Siku ya shida picha hiyo itakuokoa.

Ya pili ni kitufe cha WPS, kama ruta yako inacho. Kibonyeze, kisha ujiunge kwenye kompyuta ndani ya dakika 2. Kompyuta inaingia bila kuandika kitu, na ikishaingia imeshatunza nywila, kwa hiyo unarudi kwenye mistari yangu miwili. Baada ya hapo ningekushauri WPS uizime. Toleo lake la kutumia namba ya tarakimu 8 lilikutwa na udhaifu mkubwa mwaka 2011, na ruta za zamani bado zinaubeba.

6. Ya jirani siitafuti

Wapo wanaokuja na sura ya kusahau, lakini ukiuliza jina la mtandao wanasita. Au kompyuta yao haijawahi kujiunga nao hata mara moja, jambo ambalo orodha inalisema kabla wao hawajasema. Hawa wanataka nywila ya jirani, ya duka la mbele au ya gesti waliyolala juzi.

Nawaeleza kwa upole. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na adhabu inaanzia faini ya shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Bando la mwezi ni nafuu zaidi.

Halafu nawaeleza kwa nini zile programu za simu zinazojinadi kuvunja waifai ni za kukuonyesha matangazo. Mfumo wa kwanza, WEP, ulivunjwa kitaalamu mwaka 2001 na haupaswi kutumika popote. Lakini WPA2, uliokuja 2004, huichukua nywila, huichanganya na jina la mtandao na kuisaga mara 4096 kama mahindi yanayorudishwa mashineni, ndipo ufunguo utoke. Anayebahatisha analazimika kusaga hivyo kwa kila neno analolijaribu. Nywila ndefu isiyo na maana yoyote inamchosha hata mwenye mashine kubwa.

Tatizo ni kwamba sisi tunapenda kuweka namba ya simu. Nimeziona nyingi kwenye Key Content. Namba ya Tanzania ina tarakimu 10, na 3 za mwanzo zinakisiwa kwa urahisi kwa kuwa ni za mtandao wa simu. Zinabaki 7, yaani michanganyiko milioni 10 tu kwa kila mwanzo. Mtu mwenye kompyuta yenye kadi nzuri ya michezo anazimaliza kabla chai haijapoa, tena bila kukaa mlangoni kwako. Na hapo hata haijasemwa kwamba namba yenyewe umeiandika kwenye bango la duka.

7. Orodha inasema ulikopita

Hili sikulitarajia kwenye kazi ya nywila. Ukiandika amri ya kwanza mbele ya mteja, majina yanayoshuka ni historia yake. Lodge ya Bukoba. Mgahawa wa Rock City Mall. Hospitali. Mtandao wa simu ya mtu mwenye jina la kike ambalo mke aliyesimama pembeni halijui. Nimeona uso wa mzee mmoja ukibadilika kabla mimi mwenyewe sijaelewa nilichokifungua. Siku hizi nageuza skrini upande wangu, namwuliza mteja jina la mtandao anaoutaka, naandika amri ya pili moja kwa moja. Orodha nzima naifungua tu kama hajui jina.

Kompyuta za mtumba ndizo zinazosimulia zaidi. Nyingine zinafika na majina ya ofisi za Ulaya, na nywila zake zikiwa zimo. Hazina kazi kwetu, ofisi hizo ziko mbali. Lakini ya kwako ukiiuza Buzuruga, hapa Mwanza, haiendi mbali. Anayeinunua anapata nywila ya nyumbani kwako, na kama anakaa mtaa wa pili ataitumia akiwa kitandani kwake. Kabla ya kuuza au kugawa kompyuta, fungua dirisha jeusi kama msimamizi na uandike:

netsh wlan delete profile name=*

Kinyota hicho kinafuta zote. Bora zaidi ni kufuta Windows nzima na kuiweka upya, lakini wengi hawana subira hiyo, na mstari mmoja ni bora kuliko kutofanya kitu.

8. Iandike, ibandike

Washauri wa usalama wamewatia watu hofu ya kuandika nywila popote. Kwa benki, sawa. Kwa waifai ya nyumbani sikubaliani nao. Aliyeingia sebuleni kwako na kuigeuza ruta ameshaingia ndani. Waifai ndiyo hasara yako ndogo. Iandike kwa kalamu isiyofutika kwenye karatasi nene, funika kwa selotepu pana ili joto na mende wasiile, ibandike chini ya ruta, na uweke tarehe. Kwa nyumba za wageni nashauri zaidi: fungua mtandao wa pili wa wageni, kama ruta ina uwezo huo, wenye nywila inayobadilishwa kila mwezi na kubandikwa mapokezi. Ule wa kwanza ubaki wa kompyuta ya ofisi na televisheni.

Yule mama wa kikapu alifanya hivyo. Karatasi yake ina nywila, jina la aliyeiweka na namba mbili za simu za kumpata, yake na ya mama yake mzazi, kwa kuwa mabinti wa mapokezi, alisema, wanaolewa bila taarifa. Kuhusu malipo tulivutana kidogo. Alinihesabia dakika nilizotumia, akaniambia kwa mistari miwili ya maandishi elfu tano ni nyingi, nami nikampunguzia hadi elfu tatu pamoja na fotokopi ya karatasi hiyo.